Hasira za Paulin Zinaanzia Masikioni

Mimi hasira zangu ni za kuzaliwa. Za ndugu yangu Paulin alizipata barabarani, na ndiyo maana zangu watu wanazicheka na zake waliziogopa.

Naitwa Emérence. Nauza viazi na maharagwe mtaa wa Kimemi, hapa Butembo, na ukitaka kujua kama nasema kweli, muulize yeyote aliyewahi kubonyeza viazi vyangu kwa kidole halafu akaenda zake bila kununua. Paulin ni mdogo wangu. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba mimi nilitoka tumboni haraka mno, upole wote nikauacha ndani, ndipo Paulin akaja akaukomba peke yake. Sibishi. Mtoto yule ukimnyang'anya muwa alikuwa anakuuliza kama unataka na mwingine.

Alipokua akawa taksimani wa pikipiki. Kazi hiyo hapa kwetu inataka kelele: unagombania abiria, unagombania njia, unagombania mahali pa kuegesha. Paulin hakugombania kitu. Wenzake wakishikana mashati pale parkingi, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa akifika, anawasikiliza wote wawili, anajikuna kidevu, anamuuliza mmoja habari za mtoto wake mgonjwa, na kabla hujajua, waliokuwa wanataka kuuana wanazungumza juu ya dawa za minyoo.

Siku ya ajali alitoka Oicha na mama mzee nyuma yake na gunia dogo la kakao. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa na kaske moja tu. Kwa watu wetu, kumbeba mama mwenye mvi, wewe mwenyewe umevaa kofia ngumu na yeye kichwa wazi kinalowa, ni aibu ambayo hata mimi nisingeiweza. Akamvalisha yeye. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu tairi la mbele likateleza. Mama mzee aliinuka na matope tu. Paulin alikuwa amepiga paji la uso kwenye jiwe.

Alilala bila fahamu, akaamka, akatutambua wote, akaomba bugali. Tukamsifu Nyamuhanga, Mungu wetu. Walimshona, jeraha likakauka, akarudi nyumbani kwa mke wake Kavuo na binti yao mdogo Sagesse. Sisi tukaona mambo yamekwisha.

Mabadiliko hayakuja kwa mara moja. Kwanza alimfokea kuku. Tukacheka, naye akacheka. Kisha akaivunja redio kwa sababu ilikwaruza. Kisha pale parkingi, wale wale aliokuwa anawapatanisha ndio waliomshika mikono asimpige mtu aliyemgusa begani kwa bahati mbaya. Kilichoniuma zaidi ni yaliyokuwa yanafuata. Baada ya muda mfupi Paulin wetu alikuwa anarudi, mpole kama zamani, anaona alichofanya, na analia. Mimi nikikasirika najisikia vizuri baadaye. Yeye alikuwa kama mtu anayeamka na kukuta nyumba imeibiwa.

Watu wa hapa hawakosi maelezo. Mmoja alisema ni pombe, na Paulin hata kasikisi, pombe yetu ya ndizi, hanywi. Mwingine alisema Kavuo amemlisha kitu. Kavuo ni mwanamke wa maneno machache. Alisikia hayo sokoni, akaendelea kuchagua nyanya. Wengine wakampeleka Paulin kwenye chumba cha maombi, wakamfungisha asile wala asinywe mpaka pepo la hasira limtoke. Mimi ni Mkatoliki, naheshimu kufunga. Lakini kumnyima chakula mtu ambaye tayari ana hasira! Alitoka huko akiwa na hasira maradufu, na mhubiri mwenyewe akaruka dirishani.

Halafu ikaja siku ya kigoda. Sagesse alikuwa anapiga kopo kwa kijiko, mchezo wa watoto, koo-koo-koo, na Paulin alikuwa hajalala vizuri. Akamwambia aache. Mtoto akaendelea, maana ni mtoto. Paulin akanyanyua kigoda akakirusha. Kiligonga ukuta karibu na kichwa cha binti yake, udongo ukamwangukia kwenye nywele. Hakuumia. Lakini tangu dakika hiyo hakumkaribia tena baba yake. Paulin akinyoosha mkono, anajificha nyuma ya mama yake.

Kavuo hakupiga kelele. Alifunga nguo zake na za mtoto ndani ya kitenge, akaenda kwa baba yake mkubwa, mzee Manassé, ng'ambo ya pili ya mji. Baba yake mzazi alikwisha kufa. Manassé ndiye aliyepokea mbuzi wa mahari, kwa hiyo ndiye mwenye neno. Mlangoni Kavuo, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, aliniambia, "Yaya, Paulin namupenda. Mais nikibakia, siku moja kigoda hakitakosa."

Alikuwa na haki.

Nilimkuta Paulin amekaa kitandani, ameshika soksi moja ya Sagesse. Alisema, "Yaya, niende kuishi mu pori ya Oicha, peke yangu. Huko hapana mutu wa kuumiza." Nikamwambia anyamaze, avae viatu. Nilikuwa nimesikia kwa mteja wangu kwamba Beni kuna muuguzi mmoja, Hadjara, anayeshughulika na watu walioumia kichwa. Nilifunga biashara, nikampakia ndugu yangu kwenye gari, tukaenda.

Hadjara ni mwanamke wa Kiislamu mwenye ushungi wa kijani na sauti ya mtu asiye na haraka. Alimsikiliza Paulin mpaka mwisho. Mimi nilijaribu kusaidia kusimulia. Aliniambia kwa adabu kwamba nitapewa zamu yangu. Kisha akaweka kiganja chake juu ya paji la uso la Paulin, penye kovu.

"Ulipiga hapa," alisema. "Nyuma ya huu mufupa kuko sehemu ya ubongo yenye inasemaka: ngoja kwanza. Hasira yenyewe inatokaka ndani zaidi, na ina mbio. Mutu akikugusa, ile ya ndani inaruka: hatari! Kwa kila mutu ni vile. Mais kwa mutu muzima, ile ya mbele inafika mara moja, inasema: hapana, ni rafiki, kaa chini."

"Na kwa miye?" Paulin aliuliza.

"Uliona depo ya matajiri wa Butembo, kwenye wanawekaka mali, iko na imbwa na iko na sentineli mwenye kulinda? Imbwa yako haikubadilika. Ni ile ile ulizaliwa nayo. Sentineli njo aliumia muguu. Anakuja, mais anachelewa. Akifika, imbwa imeshauma mutu. Njo maana unaliaka kisha. Ule mwenye kulia ni sentineli."

Ndugu yangu alifunika uso kwa mikono. Kwa miezi yote ile watu walikuwa wamemwambia kwamba ana pepo, ana roho mbaya, amekuwa mtu mwingine. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye bado yumo, ila anachelewa. Na mimi nililia, na sioni aibu kuliandika.

Aliuliza kama atapona. Hadjara hakumdanganya. Alisema mengine yanaweza kurudi, mengine pengine hapana, lakini ubongo unajifunza ukirudiarudia, hata ulioumia. Alimkataza kukaa na njaa na kukosa usingizi, maana mlinzi mwenye njaa hata wa mguu mzima anasinzia. Mimi nilimkumbuka yule mhubiri wa dirishani. Kisha akamuuliza swali ambalo sikulitarajia: hasira ikitaka kuja, inaanzia wapi mwilini?

Paulin alifikiri sana. "Masikio," alisema. "Yanapata moto."

"Basi masikio yakipata moto, simama, toka inje. Hapana kujibu, hapana kungoja kuona. Useme neno moja tu: narudia. Weka mikono mu maji ya baridi, pumua polepole, umupe sentineli nafasi afike. Kisha urudie kweli. Kutoka bila kurudia ni kukimbia. Mutoto wako anapashwa kuona unarudia."

Hapo nikadai zamu yangu. Nilimuuliza, na mimi je, ambaye sikuanguka popote? "Weye, mama, sentineli yako iko muzima kabisa," alisema. "Ni weye mwenye ulimuzoeza kulala." Paulin alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu ajali, kwa hiyo nilimsamehe yule mama.

Pikipiki aliiacha. Akafungua kazi ya kwado, kuziba matairi yaliyotoboka, karibu na meza yangu. Kwado ana beseni la maji: anatumbukiza mpira ndani, mapovu yanaonyesha tundu liko wapi. Beseni hilo likawa shule yake. Mteja akibisha, akimwita mjinga, namwona Paulin anagusa sikio, anasema "narudia," anaenda nyuma ya kibanda na beseni lake, mikono ndani ya maji. Wateja wa kwanza walidhani wamefukuzwa. Wengine walimsindikiza kwa matusi. Baadaye wakazoea, wakaanza kutania: "Fundi ameenda kujipoza, ngojeni." Kuna siku alichelewa, na siku moja alimrushia mtu spana, ikapita hewani. Sitasema aliponyoka kirahisi. Lakini siku mbaya zilipungua, na mimi niliyekaa pale naweza kuapa.

Alitaka watu wake warudi. Alituma neno kwa mzee Manassé, naye akakubali kikao.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu, mwanaume aliyemkosea mke akienda kwa wakwe zake anakaa kwenye kiti kilichowekwa katikati, anainamisha kichwa, anasemwa. Anasemwa na kila mwenye mvi. Hajibu. Na zaidi ya yote, hasimami. Ukisimama wakati mzee wa upande wa mke anazungumza, umekata maneno. Ni kama kumwambia, mwanao sina haja naye tena. Kelele wanaweza kukusamehe ukileta kuku. Kumpa mzee mgongo, hapana. Na dawa yote ya ndugu yangu ilikuwa kusimama na kutoa mgongo.

Nilikwenda mapema kumweleza Manassé. Nilimweleza paji la uso, nikamweleza imbwa na sentineli, nikamwomba kwamba Paulin akitoka nje wasimhesabie dharau. Alikuwa anapiga mswaki wa kijiti. Alitema mate, akasema, "Ubongo! Kila mutu iko na ubongo, Emérence. Hata miye. Hii ni mambo ya adabu." Sisemi nilichomjibu moyoni.

Nilimwambia Paulin tuahirishe. Alikataa. "Nikiogopa kikao, Kavuo atarudia kwa mutu gani?" alisema.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo tulikwenda na jogoo na kilo za sukari. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wingu limeanza kukusanyika. Wazee walikuwa wamekaa kuzunguka sebule. Kavuo alikaa karibu na mlango wa chumba, Sagesse akiwa nyuma ya sketi yake, jicho moja tu nje. Kiti kilikuwa katikati. Paulin akakaa, akainamisha kichwa.

Wazee wadogo walianza, wakasema ya kawaida: mke si ngoma, mtoto si adui. Alivumilia. Mvua ikaanza kupiga mabati, ikabidi wapaze sauti, na mimi nikaona vidole vyake vinakwenda kwenye sikio. Ndipo Manassé akachukua neno. Alisema juu ya kigoda, na alikuwa na haki. Alisema juu ya mtoto anayeshtuka usingizini. Kisha akasema, "Marehemu mama yako alizaa batu ao alizaa nyama ya pori? Hakukufundisha kitu?"

Mama yetu. Mama aliyetulea peke yake kwa jembe. Mimi, wa kichwa kizima, nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Ilibidi nikalie mikono yangu yote miwili na kuuma ulimi, na hadi leo sijui nilipata wapi nguvu hizo.

Paulin akasimama.

Uso wake ulikuwa umejaa damu na ngumi zimekaza. Kavuo alimvuta mtoto. Paulin alisema, kwa sauti iliyokuwa inapasuka, "Baba, nakuheshimu. Narudia." Akampa mzee mgongo, akatoka.

Manassé aliinuka, akakichukua kile kiti mwenyewe, akakiegemeza ukutani. "Mumeona," alisema. "Amekata maneno. Mutoto wangu anabakia hapa." Wazee wakaitikia. Nikamwangalia Kavuo, machozi yalikuwa yanamtiririka; kwetu kiti kikishaondolewa, mwanamke hana neno.

Mlango ulikuwa wazi. Mimi nilimwona ndugu yangu pale nje, amesimama chini ya ukingo wa bati ambapo maji ya mvua yanamwagika, mikono yake ndani ya maji, shati limegandamana na mgongo. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Nilikuwa nasali, na sala yangu haikuwa nzuri. Nilikuwa namwambia Mungu kwamba ni zamu yake sasa, maana sisi tumefanya yote tuliyoweza. Nilihofia Paulin ataelekea barabarani. Yeyote kati yetu angekwenda. Hakuna aliyewahi kuona mtu aliyekata maneno akirudi siku hiyo hiyo kwa miguu yake, bila wapatanishi, bila mbuzi.

Akarudi. Alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika, akatafuta kiti chake kwa macho. Akakiona ukutani. Nikasema moyoni, sasa basi, sasa ndiyo mwisho, maana hilo lingemuwasha hata mtakatifu.

Paulin akaja katikati ya sebule akakaa chini, sakafuni, kwenye saruji, miguu ameikunja, mkwe mzima mbele ya wakwe zake kama mtoto wa darasa la kwanza. "Nimerudia, baba," alisema. "Endelea."

Manassé alikiangalia kiti, kisha akamwangalia mkwe wake pale chini.

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Sagesse alitoka nyuma ya sketi. Labda ni kwa sababu baba yake alikuwa chini, kimo chao sawa. Alikuwa hajamwona hivyo kwa muda mrefu. Alikwenda hatua chache, akasimama mbali kidogo, mahali ambapo mkono haufiki. Kavuo alitaka kumshika, akajizuia.

"Papa," mtoto aliuliza, "hasira imeisha?"

Mtu mwingine angesema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo, haraka, ili mtoto aje. Paulin alifunga macho, akasikiliza ndani yake, akagusa sikio.

"Hapana, mama," alimjibu binti yake. "Imebakia kidogo."

Sagesse akafikiri. "Basi tungoje," alisema, akakaa chini naye, pale pale alipokuwa.

Tukangoja. Wazee wote, na mzee Manassé amesimama kando ya kile kiti. Mvua ilipungua kwenye mabati. Kisha Paulin akanyoosha kiganja juu ya saruji, akakiacha hapo, wazi, na mtoto akasogea, akaweka mkono wake ndani yake. Nilisikia mlango wa chumba ukifunguliwa. Kavuo alikuwa ameingia, amechukua kile kitenge, na alikuwa anafunga ndani yake nguo zake na za mtoto, safari hii za kurudi nyumbani.